Mikono Inayookoa Ngozi: Historia ya Mafunzo ya Upasuaji wa Saratani ya Ngozi, kutoka Wisconsin hadi Moshi

Sisi wa Uganda tunapowataja majirani zetu wa Tanzania, aghalabu huzungumzia mpaka wa Mutukula, bidhaa zinazopita huko, au lugha hii tunayojifunza. Leo nawaleteeni habari ya jirani huyo kwa upande usiozungumzwa sana: upande wa elimu ya tiba. Tutajiuliza swali moja tu. Daktari anayekata saratani ya ngozi alifundishwa na nani, na aliyemfundisha alifundishwa na nani? Swali hilo litatupeleka mbali, hadi Marekani ya miaka ya 1930, kisha litaturudisha chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwishoni tutaona kwa nini raia yeyote, hata asiyeugua, anahusika na jibu lake.

Maneno kabla ya historia

Tuanze na maneno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Neno “saratani” limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wahenga wa tiba waliona mishipa iliyotapakaa kuzunguka uvimbe wakaifananisha na miguu ya kaa. Mfano huo una ukweli ambao tutauhitaji baadaye: saratani huwa na mizizi inayotambaa kando na chini, mahali ambapo jicho halifiki. Watu wengi pia husema “kansa”, nalo ni neno linaloeleweka kote.

“Upasuaji” umetokana na kitenzi “pasua”. Kitenzi hicho hutuzalia mpasuaji, chumba cha upasuaji, na hata mbao zilizopasuliwa na seremala. Nalo neno “bingwa” ni la mtu aliyeuhodhi ustadi fulani. Siku hizi Watanzania huongeza daraja jingine juu yake: “bingwa bobezi”, yaani daktari ambaye tayari ni bingwa wa fani fulani, kisha akaingia ndani zaidi katika tawi moja la fani hiyo. Habari yetu ya leo ni habari ya bingwa wa ngozi anayegeuka kuwa bingwa bobezi wa kupasua saratani.

Saratani za ngozi zinazotajwa zaidi ni tatu. Mbili huanzia katika seli za tabaka la juu la ngozi, moja katika seli za chini za tabaka hilo, nyingine katika seli bapa zilizo juu yake. Ya tatu ni melanoma, ambayo huanzia katika seli zinazotengeneza rangi, nayo huua haraka kuliko zile mbili isipowahiwa. Rangi ya ngozi, yaani melanini, hutukinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya miale ya jua, lakini haitukingi kabisa. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa watu weusi melanoma hupenda kuota nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo wengi hudhani ni jeraha la kawaida au alama ya kujikwaa.

Mwanafunzi wa Wisconsin

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikuwako mwanafunzi wa tiba aliyeitwa Frederic Mohs. Alizaliwa mwaka 1910. Alikuwa msaidizi wa profesa wa elimu ya wanyama, Michael Guyer, na kazi yao ilikuwa kudunga kemikali mbalimbali katika uvimbe wa panya ili kuona mwili ungeupiganaje. Kemikali moja, kloridi ya zinki, iliua tishu ilizogusa. Mohs alipoiweka tishu hiyo chini ya darubini akashangaa. Seli zilikuwa zimekufa, lakini umbo lao halikuharibika. Zilionekana wazi kana kwamba zimetayarishwa maabara.

Mtu mwingine angeandika jambo hilo katika daftari na kuendelea na kazi. Mohs aliona njia mpya. Ikiwa dawa inaweza kuigandisha tishu ingali mwilini, basi daktari anaweza kukata tabaka moja jembamba, alitazame kwa darubini, achore ramani ya mahali mizizi ya saratani ilipobaki, kisha arudi na kukata pale pale tu. Ataendelea hivyo, tabaka kwa tabaka, mpaka asione tena seli yoyote ya saratani. Alitengeneza lihamu ya kupaka yenye kloridi ya zinki, na mwaka 1936 akaanza kuwatibu wagonjwa. Mwaka 1941 alichapisha matokeo ya wagonjwa 440.

Ili tuelewe uzito wa wazo lake, tufikirie mkate. Katika upasuaji wa kawaida, uvimbe uliokatwa hupelekwa maabara, nao hukatwa vipande vya kusimama, kama mkate unavyokatwa slesi. Mtaalamu hutazama slesi chache. Mzizi ukipita katikati ya slesi mbili ambazo hazikutazamwa, hautaonekana, na mgonjwa ataambiwa amepona ilhali saratani imebaki. Mohs alikata ganda lote la chini na la pembeni kwa ulalo, kisha akalitazama zima. Faida zilikuwa mbili. Mizizi haikusahaulika, na nyama nzima haikukatwa bure. Kwa saratani iliyo kwenye kope, pua au mdomo, faida ya pili si ndogo, kwa maana uso wa mtu ndio utambulisho wake.

Hata hivyo njia yake ilikuwa na adha. Lihamu iliuma, na kila tabaka lilidai siku nzima, hivyo tiba ya mgonjwa mmoja iliweza kuchukua siku kadhaa. Mwaka 1953, Mohs alipokuwa akitengeneza filamu ya kuonyesha upasuaji wa saratani ya kope, alitaka kuharakisha kazi. Akaacha lihamu, akatumia sindano ya ganzi, akakata tishu ikiwa mbichi na kuigandisha kwa baridi kabla ya kuitazama. Ikafaulu. Leo ndiyo njia inayotumika, na kazi iliyochukua siku nyingi humalizika kwa kawaida katika siku moja.

Kutoka kwa mtu mmoja hadi darasa

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Ugunduzi wa mtu mmoja hufa naye asipoufundisha. Mohs alikuwa mpasuaji, lakini wapasuaji wenzake wengi hawakumpokea. Lihamu yake iliwakumbusha dawa za wachuuzi wa mitaani, na tena kazi yake ilimdai daktari mmoja afanye kazi mbili: akate, halafu yeye mwenyewe akae kwenye darubini. Waliompokea ni madaktari wa ngozi. Hao walikuwa wamezoea kuisoma ngozi kwa darubini, nao ndio waliokuwa wakiwaona wagonjwa hao kila siku.

Katikati ya miaka ya 1960 Perry Robins, daktari wa ngozi kutoka New York, alikwenda Wisconsin kujifunza kwa Mohs. Aliporudi katika Chuo Kikuu cha New York akaanza kuwafundisha madaktari wengine waliokuwa tayari wamehitimu ubingwa wa ngozi. Mwaka 1967 wafuasi wa njia hiyo waliunda chama chao. Mwaka 1974 Theodore Tromovitch na Samuel Stegman wa San Francisco walichapisha matokeo mazuri ya njia ya tishu mbichi, na tangu hapo milango ikafunguka.

Polepole utaratibu wa mafunzo ukajengeka. Marekani, daktari husoma chuo cha tiba miaka minne, hufanya mwaka mmoja wa mazoezi ya jumla, kisha miaka mitatu ya ubingwa wa ngozi. Anayetaka ubobezi wa upasuaji wa saratani huongeza mwaka mmoja au zaidi chini ya mwalimu, akiwahudumia mamia ya wagonjwa. Katika muda huo hujifunza mambo matatu: kukata, kusoma darubini, na kuziba pengo lililobaki kwa kuivuta ngozi ya jirani au kupandikiza ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Bodi ya madaktari wa ngozi wa nchi hiyo ilianza kutoa mtihani rasmi wa ubobezi huo mwaka 2021.

Mtihani huo haukuja bila mabishano. Walioutetea walisema mgonjwa ana haki ya kujua kwamba anayemkata amepimwa. Waliopinga walikuwa madaktari waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila mwaka wa ziada wa masomo. Walihofia kwamba cheti kingewafungia mlango na kuwapunguzia wagonjwa mahali pa kutibiwa. Tulishike swali hilo. Je, ni bora kuwa na wataalamu wachache waliopimwa sana, au wengi wenye ujuzi wa kutosha? Marekani, yenye maelfu ya madaktari wa ngozi, iliweza kubishana juu yake kwa utulivu. Kwetu swali hilo lilikuja kwa ukali zaidi.

Jua la Afrika Mashariki

Katika ukanda wetu, mtu anayeteswa zaidi na saratani ya ngozi ni mtu mwenye ualbino. Mwili wake huzaliwa ukiwa na melanini kidogo sana au hauna kabisa, na jua la ikweta halimpi nafasi ya kupumzika. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 hivi ana ualbino, ilhali Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni mmoja kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Mwaka 1985 daktari Jeffrey Luande na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Miongoni mwa waliovuka umri wa miaka 20, hakuonekana hata mmoja ambaye ngozi yake haikuwa na mabadiliko ya hatari. Saratani ambayo kwa mkulima wa Ulaya hungoja uzee, kwa kijana wa kwetu mwenye ualbino huja akiwa bado analea watoto wachanga.

Hapa nawaomba tuwe waangalifu na lugha. Neno “zeruzeru” limetumika kwa miaka mingi, lakini wenyewe hulisikia kama tusi, na katika kipindi ambacho watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, neno hilo lilisaidia kuwafanya waonekane kama vitu. Semeni “mtu mwenye ualbino”. Mtu hutangulia, hali yake hufuata. Tangu mwaka 2015, tarehe 13 Juni huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kuwatambua watu wenye ualbino, na ni siku nzuri ya kufanya mdahalo shuleni.

Mauaji yale yalilaaniwa na dunia nzima, na ilistahili hivyo. Lakini saratani imeua wengi zaidi, kimyakimya, bila kuandikwa gazetini. Inaanza kama gamba dogo sikioni au shingoni. Gamba linakuwa kidonda. Kidonda hakiponi, watu wanakiita donda ndugu na kukipaka majani. Mgonjwa akifika hospitali, kidonda kimekula taya au kimefika kwenye fuvu. Ingawa gamba lile la kwanza lingeondolewa kwa dakika chache kwa kuligandisha au kwa kisu na ganzi kidogo, mahali hapo alihitajika mtu mmoja tu ambaye hakuwapo: mtu aliyefundishwa kulitambua.

Moshi, mwaka 1992

Mwaka 1987 madaktari wa ngozi wa nchi mbalimbali walianzisha taasisi ya kimataifa ya kupeleka elimu ya magonjwa ya ngozi katika nchi maskini. Tatizo lilikuwa wazi. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa na madaktari wa ngozi wa kuhesabika kwa vidole, na hao wachache waliishi miji mikuu. Mtu angeweza kuzaliwa, kuugua na kufa kijijini bila kumwona hata mmoja wao.

Kwa ushirikiano na serikali ya Tanzania, mwaka 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza kazi katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, kikiongozwa na daktari Mjerumani Henning Grossmann. Waanzilishi walilijibu lile swali letu kwa ujasiri. Badala ya kungoja miaka mingi ili wapatikane mabingwa wachache, waliwachukua matabibu na madaktari wasaidizi wenye uzoefu, watu ambao tayari walikuwa wakifanya kazi wilayani, wakawapa miaka miwili ya masomo ya magonjwa ya ngozi, magonjwa ya zinaa na ukoma. Walimaliza na kupata stashahada ya juu, kisha wakarudi walikotoka. Wanafunzi hawakuwa Watanzania peke yao. Walikuja kutoka nchi mbalimbali za mashariki na kusini mwa Afrika. Baadaye kituo kikaongeza masomo ya shahada ya uzamili kwa madaktari kamili.

Kuhusu saratani, kituo kilijenga kazi yake kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni kinga. Wahudumu huwafuata watu wenye ualbino vijijini, huwakagua ngozi, huwapa kofia na kuwafundisha kujifunika. Mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo KiliSun yalianza kutengenezwa hapo hapo Moshi, kazi iliyoanzishwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto, kwa kuwa mafuta ya dukani yalikuwa ghali mno na hayakutengenezwa kwa kumfikiria mtumiaji wa kwetu. Ngazi ya pili ni kuwahi: kuyagandisha magamba kwa nitrojeni ya baridi kali kabla hayajawa saratani. Ngazi ya tatu ndiyo upasuaji wenyewe, ambapo uvimbe hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima, na pengo huzibwa.

Tazameni tofauti. Ile njia ya Mohs inadai mashine ya kugandisha tishu, fundi wa maabara aliye tayari muda wote, na daktari anayeweza kutumia siku nzima kwa wagonjwa wachache. Hospitali yenye foleni ndefu haiwezi kumpa kila mtu muda huo. Mafunzo ya Moshi hayakuwa nakala ya yale ya New York, na sioni kwamba hilo ni upungufu wa kuonewa aibu. Kanuni iliyohifadhiwa ni ile ile: anayeijua ngozi ndiye afundishwe kuikata, na asiikate mpaka afundishwe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kwa miaka mingi makundi ya wapasuaji kutoka Uhispania yamekuwa yakifika Moshi kuwapasua watu wenye ualbino. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Kwa maana ya kawaida methali hii hutaja furaha ya mwenyeji anayefaidi kitoweo kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni. Hapa inatimia kwa maana ya neno kwa neno, kwa sababu mwenyeji anapona kweli.

Lakini mgeni huondoka. Kama alikata peke yake, ameondoka na ujuzi wake. Kama alimsimamisha mwenyeji pembeni, akamshikisha kisu, akamwelekeza na kumsahihisha, ameacha nyuma mikono miwili itakayofanya kazi miezi yote iliyobaki ya mwaka. Ndiyo maana mimi hupima kila msaada wa aina hii kwa swali moja: nani alikuwa amesimama karibu na mpasuaji? Mohs naye angebaki kuwa daktari wa ajabu wa mji mmoja wa Wisconsin kama Robins asingesimama karibu naye.

Raia na jambo hili

Sisi Waganda tunahusikaje? Kwanza, ujuzi huu unaweza kuvuka mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilikusudiwa kurahisisha mwendo wa watu, kazi na huduma kati ya nchi wanachama. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinafundisha madaktari wa ngozi hapa kwetu. Moshi kuna uzoefu wa miongo mitatu. Jirani wa namna hii ni hazina. Na lugha ambayo mtaalamu wa Mbarara na tabibu wa Moshi wanaweza kumwelezea mgonjwa wa pande zote mbili ni hiki Kiswahili mnachojifunza.

Pili, raia ana haki ya kuuliza bajeti. Kenya imewahi kutenga fedha za umma kwa ajili ya mafuta ya kujikinga na jua kwa watu wenye ualbino. Mafuta hayo yanapochukuliwa kuwa kipodozi, hutozwa kodi na kusahauliwa. Yanapotambuliwa kuwa dawa, mtoto mmoja zaidi huketi darasani bila kidonda.

Tatu, kila mmoja wetu ana macho. Mwenzako mwenye ualbino akiwa na gamba lisilopona, au bibi yako akiwa na alama nyeusi inayokua unyayoni, mshauri aende hospitali mapema. Udongo uwahi ungali maji, na wahenga wengine walilisema jambo hilo hilo kwa ngozi: “Ngozi ivute ili maji.” Walikuwa wakiifikiria ngozi ya ng’ombe inayowambwa kabla haijakauka, lakini daktari yeyote wa Moshi angeitia saini methali hiyo bila kuibadilisha neno.

Maswali ya mjadala

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya daktari, bingwa na bingwa bobezi.
2. Kwa nini madaktari wa ngozi walimpokea Mohs kabla ya wapasuaji wenzake?
3. “Afadhali wataalamu wachache waliopimwa sana kuliko wengi wenye ujuzi wa kutosha.” Jadili kauli hii ukirejelea Marekani na Tanzania.
4. Andika barua rasmi kwa mbunge wako ukimwomba atetee upatikanaji wa mafuta ya kujikinga na jua kwa watu wenye ualbino. Isizidi maneno 200.